Acha Fumbo Lisimame: Mwongozo kwa Wanaochezea Nchi Moja ya Kubuni, Busia na Tororo

Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa na wenzako Busia, Malaba au Tororo, mezani kuna karatasi, penseli na dadu, mkaigiza wahusika katika nchi mliyoibuni wenyewe. Ni wako zaidi ikiwa nchi hiyo mnaimiliki kwa ushirika: kundi moja linacheza upande wa Uganda, jingine upande wa Kenya, na linalotokea huku linahesabiwa limetokea na kule. Utakuonyesha namna ya kuweka fumbo lisilo na jibu katika nchi hiyo na kulilinda, bila wachezaji kuona wamedanganywa.

Maneno tutakayotumia

- *Msimulizi*: anayeeleza mambo ya nchi na kuigiza watu wote wasio wahusika wa wachezaji.
- *Kikao*: mara moja ya kucheza, kuanzia kuketi hadi kuagana.
- *Meza*: kundi moja la wachezaji pamoja na msimulizi wao.
- *Daftari la nchi*: kitabu cha pamoja ambamo huandikwa yale ambayo meza zote zimekubali kuwa kweli.
- *Fumbo wazi*: swali kuhusu nchi ambalo meza zote zimekubaliana lisipewe jibu.

## Kwa nini uache fumbo wazi

Kubuni nchi si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert alitupa *Kusadikika* mwaka 1951, na michezo ya kuigiza wahusika ilianza kuuzwa mwaka 1974, *Dungeons & Dragons* ilipotoka Marekani. Tofauti ni kwamba riwaya ina mwandishi mmoja, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Nchi yenu ina waandishi wengi. Kila jibu unalotoa juu ya swali kubwa ni jibu ambalo wenzako hawataweza kulitoa tena. Ndiyo maana fumbo wazi lina kazi tatu katika nchi ya ushirika.

Kazi ya kwanza: hulipatia kila kundi nafasi yake. Keith Baker alibuni ulimwengu wa *Eberron*, uliochapishwa mwaka 2004. Humo kuna nchi iitwayo Cyre iliyoangamia kwa siku moja. Vitabu rasmi havijasema kilichoiangamiza, na hilo lilifanywa kwa makusudi: kila meza huamua yenyewe, au huacha. Kwa sababu hiyo maelfu ya meza hutumia vitabu vilevile na hakuna iliyonyang'anywa hadithi yake.

Kazi ya pili: huifanya nchi iwe kubwa kuliko wahusika. Tazama hapa kwetu. Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk katika kaunti ya Busia, pana mwamba wenye michoro ya kale: maumbo ya duara na mistari, na ng'ombe waliochorwa katika zama nyingine. Wataalamu wamechimba chini ya mwamba huo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kunde zilikuwapo hapo takribani miaka 2,300 iliyopita, na kwamba wimbi na mtama vilifika angalau miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo tunajua walichokula. Zile duara walizimaanisha nini? Hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika. Nenda Nyero, wilaya ya Kumi, utakuta duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu, na swali ni lilelile. Mtu aliyesimama mbele ya mwamba ule anajua kwamba dunia ilikuwapo kabla yake na ilikuwa na mambo yake. Nchi yenu ya kubuni inastahili kumpa mchezaji hisia hiyo.

Kazi ya tatu: huwaweka watu kwenye mazungumzo. Jibu likishatolewa, wachezaji hulipokea wakaendelea na mengine. Swali lenye ushahidi mzuri hujadiliwa njiani, kwenye kahawa, na kwenye simu mpaka kikao kijacho.

Jambo moja ulijue mapema. Wachezaji wako wamelelewa kwenye vitendawili. Anayetega ana jibu, na wanaoshindwa humpa mji ndipo aseme. Kwa hiyo ukiweka fumbo mezani bila maelezo, wataamini kwamba jibu liko mfukoni mwako na kwamba wakihangaika vya kutosha utalitoa. Waambie tangu kikao cha kwanza: "Katika nchi hii yako mambo ambayo hata mimi sitayajibu. Mengi mengine mtayajua." Sentensi hizo mbili zitakuepushia ugomvi wa miezi.

## Kwanza yatenganishe mafumbo yako

Wasimulizi wengi huharibu kazi kwa kuyachanganya mafumbo yote katika kapu moja. Chukua kila swali lililo katika maandalizi yako, uliweke katika mojawapo ya safu hizi nne.

Kisanduku cha 1: Safu nne

1. La kujibiwa sasa. Nani ameiba mtumbwi? Nani ametia sumu kisimani? Jibu lipo, nawe unalijua, na wachezaji wana haki ya kulipata ndani ya kikao kimoja au viwili.
2. La kujibiwa baadaye. Mrithi halisi wa kiti ni nani? Jibu limeandikwa, limefungwa, na tarehe au tukio la kulifungua linajulikana kwa wasimulizi wote.
3. Fumbo wazi. Linahusu misingi ya nchi: nani aliyejenga, kwa nini mvua hunyesha kinyume, waliokuwapo walikwenda wapi. Halitajibiwa.
4. Pengo. Hili ulilisahau tu. Ulitaja mjumbe mwenye jicho moja kikao cha pili, na hujui alikuwa nani. Pengo si fumbo. Lizibe, au kiri kwa wachezaji kwamba halina maana ili wasipoteze muda.

Ukiona safu ya tatu ina maswali zaidi ya mawili au matatu, punguza. Nchi yenye fumbo kila kona huchosha, kwa kuwa mchezaji hajui tena akanyage wapi.

## Hatua nane za kuweka fumbo wazi

1. Chagua swali ambalo maisha yanaweza kuendelea bila jibu lake.
Jipime hivi: mhusika akifa bila kujua jibu, je, hadithi yake itakuwa imekatika? Kama ndiyo, swali hilo si la safu ya tatu. "Nani alimuua mama yangu?" ni swali la kujibiwa. "Nani alichora mwamba uliokuwa juu ya shamba la mama yangu?" laweza kusimama wazi.

2. Andika mambo matano ya hakika.
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wengi hudhani fumbo hutengenezwa kwa ukungu na minong'ono. Sivyo. Kakapel inashika moyo kwa sababu ya yanayojulikana: kunde zilizopimwa umri, ng'ombe wanaotambulika, tabaka moja la rangi juu ya jingine. Mambo matano yawe ya kugusika, ya kuonekana, kusikika au kupimika, na yasibadilike kutoka kikao hadi kikao. Mchezaji akirudi mara kumi kulitazama jambo lilelile, alikute vilevile.

Ukikosa wazo, kiangalie kisiwa cha Lolui, kiitwacho pia Dolwe, katika Ziwa Victoria, wilaya ya Namayingo. Kina miamba inayotoa sauti ikigongwa, na mawe yaliyochimbwa vishimo vya duara kwa mikono ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walihamishwa kisiwani humo kwa ajili ya malale. Tazama jinsi mambo machache ya hakika yanavyokusukuma uulize mwenyewe: miamba ile iligongwa kwa ajili ya nini, na na nani?

3. Andika majibu matatu ambayo watu wa nchi hiyo wanayaamini.
Kila jibu liwe na wenyewe: wahunzi, wavuvi, makuhani, watoza ushuru. Kila jibu lieleze baadhi ya mambo yako matano vizuri sana, na lishindwe na jambo moja. Lisiwepo jibu la kijinga. Kila moja liwe ambalo mtu mwenye akili angelishika. Greg Stafford, aliyeanza kubuni ulimwengu wa Glorantha mwaka 1966, aliacha watu wa imani tofauti wasimulie tukio lilelile kwa namna zinazopingana, na kwa miongo wachezaji wameishi humo bila kuhitaji mwamuzi.

4. Amua kama wewe mwenyewe unajua.
Kuna njia mbili. Ya kwanza, msimulizi anajua lakini hatasema. Ya pili, hakuna anayejua. Kwa meza moja, zote zinafaa. Kwa nchi ya ushirika, chukua ya pili. Msimulizi anayejua huvujisha bila kukusudia: huinua sauti mchezaji akikaribia, hulainisha njia ya kuelekea jibu lake. Baada ya miezi, meza yake ina jibu na meza ya pili haina, na nchi imepasuka.

5. Lipe fumbo gharama.
Fumbo lisilomgusa mtu ni mapambo. Uliza: kwa sababu ya jambo hili, nani analipa zaidi? Nani anapata riziki? Njia ipi haipitwi usiku? Harusi hufanywa vipi? Watu wa nchi hiyo wawe wameshajipanga kuishi na wasilolijua, kama watu wote wanavyofanya.

6. Jibu mengine kwa ukarimu.
Hii ndiyo kodi unayolipa ili uruhusiwe kuacha fumbo wazi. Katika kila kikao, funga angalau swali moja kikamilifu. Kwa mafumbo ya safu ya kwanza, fuata kanuni iliyoenezwa na Justin Alexander: kwa kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, weka vidokezo visivyopungua vitatu, kwa sababu kimoja watakipita, cha pili watakielewa vibaya, na cha tatu ndicho kitakachowafikisha. Mchezaji anayeshiba majibu huvumilia swali moja kubwa kwa furaha. Mwenye njaa ya majibu hatavumilia hata moja.

7. Wekeni mkataba kati ya meza.
Wasimulizi wa pande zote mbili wakutane ana kwa ana kabla ya kuanza, kisha kila baada ya vikao kadhaa. Kuvuka si kazi: kitambulisho cha taifa kinatosha kwa raia wa Kenya na Uganda kupita kwenye kituo rasmi, Busia au Malaba. Mwandike ukurasa mmoja wa makubaliano, na ukurasa huo ubandikwe mwanzoni mwa daftari la nchi.

Kisanduku cha 2: Mkataba wa fumbo wazi

- Fumbo letu ni hili: ………
- Mambo matano ya hakika ni haya, na hakuna anayeyafuta: ………
- Meza yoyote inaweza kuongeza jambo la hakika, mradi lisipingane na yaliyopo, na liandikwe daftarini kabla ya kikao kijacho.
- Meza yoyote inaweza kuongeza dhana, uvumi, wimbo au mila inayotokana na fumbo.
- Hakuna meza itakayothibitisha wala kuua dhana yoyote peke yake.
- Fumbo litafungwa kwa ridhaa ya wote tu, wachezaji wakiwemo.

8. Jiandae kwa mchezaji atakayesukuma kwa nguvu.
Atakuja. Atachimba, atapanda, atauliza mizimu, atatumia uchawi wa kufichua kweli. Usimzuie kwa ukuta wala usimwambie "haiwezekani". Anayejaribu kwa bidii apate *jambo jipya la hakika*, ambalo linaliongezea fumbo uzito. Mfano, kutoka nchi itakayoelezwa hapa chini, ambamo moto hauvuki Mstari:

*Mchezaji:* "Kaka, nachimba hapahapa Mstarini. Sitoki mpaka nione kilicho chini."
*Msimulizi:* "Siku ya tatu jembe lako linagonga udongo mgumu, mweusi. Ni majivu, unene wa mkono mzima. Yanapita chini ya Mstari bila kukatika, kutoka upande huu hadi ule."

Amepata alichokitolea jasho. Dhana mbili zimetikisika. Jibu bado halipo.

## Mfano kamili: Mstari usiovukwa na moto

Mpaka wetu wa kweli una historia inayojulikana. Hadi mwaka 1902, mashariki ya Uganda ilifika hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia eneo hilo upande ambao leo ni Kenya, na Wateso, Wasamia na wengine wakajikuta pande mbili. Hapo hakuna fumbo la nani aliyeamua. Nchi ya kubuni inaweza kuuliza swali ambalo historia haiulizi. Mfano huu umeandaliwa kwa meza mbili, moja Busia na moja Tororo. Uchukue ulivyo, au ubadilishe.

Fumbo: Kati ya miji ya Soko Kavu na Soko Maji kuna Mstari. Moto hauvuki. Kwa nini?

Mambo ya hakika:

1. Moto wowote unaowaka, wa taa, wa kaa au wa mwenge, huzimika ukivushwa, kutoka upande wowote.
2. Chakula kilichochemka huvuka kikiwa cha moto vilevile.
3. Nyumba iliyojengwa juu ya Mstari inaweza kuungua nusu, moto ukasimama katikati ya sakafu.
4. Radi hupiga na kuwasha miti pande zote mbili.
5. Tanuru la zamani la chuma limekaa juu ya Mstari wenyewe, na lina dalili kwamba lilipata kuwaka lote.

Dhana na udhaifu wake:

- *Wahunzi* husema ndugu wawili walikosana kwenye tanuru lile, wakaapa kutogawana moto tena. Inaeleza jambo la tano. Haielezi kwa nini hata mgeni wa mbali, asiye wa ukoo ule, taa yake huzimika.
- *Wavuvi* husema chini ya Mstari amelala nyoka anayekula mwali. Inaeleza jambo la tatu. Haielezi kwa nini joto la chakula halimvutii.
- *Watoza ushuru* husema mfalme wa kale aliuweka Mstari ili biashara ilipiwe. Inaeleza kwa nini umenyooka. Haielezi kwa nini wazee wanaohifadhi majina ya wafalme hawana jina la huyo.

Gharama zake: Kuna wauza makaa pande zote mbili na hawajawahi kushindana. Kiberiti ambacho hakijawashwa huvuka salama, kwa hiyo ushuru wake ni mkubwa na magendo yake ni mengi. Vijana wa baiskeli hukificha ndani ya mabomba ya fremu. Maiti akivushwa kwenda kuzikwa kwao, moto wa matanga huwashwa upya, na jamaa hubishana kama siku za matanga zihesabiwe tangu moto wa kwanza au wa pili. Bibi harusi anayeolewa ng'ambo hupewa jiko baridi na mama mkwe, nalo huwashwa mbele ya watu.

Fumbo la kujibiwa, lililojengwa juu ya fumbo wazi: Asubuhi mtoza ushuru amekutwa amekufa Mstarini. Kando yake, upande wa Soko Kavu, mwenge unawaka. Nyayo zake zinatoka Soko Maji tu, na hana kiberiti. Wachezaji wanaokumbuka jambo la kwanza watatambua: mwenge huo hakuubeba yeye, kwa kuwa ungezimika. Kuna mtu wa pili, alitoka Soko Kavu, na alikuja na moto wake. Weka vidokezo vitatu vya kumfikia mtu huyo: mafuta ya mwenge yanayouzwa na duka moja tu, mtoto wa mamalishe aliyemwona akirudi, na deni la ushuru la viberiti lililoandikwa daftarini. Kikao kimoja, wamemkamata.

Tazama kilichotokea. Hakuna anayejua kwa nini moto hauvuki, na bado kutovuka kwake ndiko kulikomfichua muuaji. Hivyo ndivyo fumbo wazi linavyomtumikia mchezaji: yanayozunguka fumbo ni ya kutegemewa kiasi cha kumhukumia mtu.

## Tahadhari za mahali hapa

Busia na Tororo si karatasi tupu. Watu wanaishi na imani zao, na maumivu yao. Zingatia haya:

- Usimwige jirani kama mchawi au mkimbiaji wa usiku. Katika sehemu hizi minong'ono ya namna hiyo imewavunjia watu heshima na kuwatenga, na wazee ndio huumia zaidi. Ukitaka kiumbe cha usiku, mbuni mpya, asiye na kijiji wala ukoo wa kweli.
- Usitumie mahali pa ibada palipo hai. Jabali la Tororo, mabaki ya volkano ya kale, linaweza kukupa umbo la mlima wako. Mahali ambapo watu wanaswali, wanatambika au wamezika wao, paache. Badilisha jina, umbo na mila hadi mwenye mahali asione kwamba anaigizwa.
- Usigeuze msiba wa kweli kuwa fumbo. Mtu aliyepotea ziwani au barabarani ana mama anayesubiri jibu. Hilo halichezewi.
- Asili ya kabila la mtu si fumbo lako. Usiwaundie Wateso, Wasamia, Wajopadhola, Wanyole au wengine asili ya kubuni mbele ya mwenzako ambaye ni mmoja wao.
- Mkienda Kakapel au Nyero kutafuta mawazo, tazameni tu. Msiguse michoro, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, msiandike majina. Waulizeni walinzi wa mahali. Michoro ile haiwezi kuchorwa tena.

## Makosa ya kawaida na tiba yake

Kosa: kuahirisha jibu kila kikao huku ukidokeza kwamba liko karibu. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. *Tiba:* tamka wazi kwamba swali hili ni la safu ya tatu.

Kosa: kubadilisha mambo ya hakika ili kumshangaza mchezaji. Leo moto umevuka kwa sababu kisa kilihitaji. Imani ya wachezaji kwako imekwisha. *Tiba:* ukikosea, sahihisha mbele ya wote kabla ya kuendelea, kisha andika daftarini.

Kosa: kuongeza uvumi bila mwisho. Dhana kumi na tano ni sawa na hakuna. *Tiba:* baki na tatu au nne zenye nguvu. Mpya ikija, iwe imezaliwa na matendo ya wachezaji.

Kosa: kuwafanya watu wote wa nchi washangae. Waliozaliwa karibu na jambo la ajabu hawalishangai, wanalipangia bei. *Tiba:* mshangao mwachie mgeni, mwenyeji apewe kazi ya kufanya.

Kosa: kumdhihaki mchezaji aliyebuni jibu zuri. *Tiba:* lipe jibu lake wahusika wa kuliamini. Dhana yake iingie nchini, iwe na wafuasi na wapinzani. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kuambiwa "umepatia".

Kosa: meza moja kujibu kimyakimya. *Tiba:* mkataba wa kisanduku cha 2. Ikiwa jibu limeshatolewa, meza ile ilitangaze kama dhana ya watu wa upande wake, na daftari libaki safi.

## Lini fumbo lifungwe

Si lazima liishi milele. Mchezo wa *Traveller*, ulioanza mwaka 1977, ulikuwa na fumbo la watu wa kale waliotoweka, na mwaka 1984 wenyewe wakachapisha jibu. Kufunga ni halali. Lifungeni mkiona mojawapo ya haya:

1. Wachezaji wameacha kulizungumzia kwa muda mrefu, na kulifunga kutafungua kubwa zaidi.
2. Nchi yenyewe inaelekea mwisho, na meza zote zinataka kikao cha pamoja cha kuagana.
3. Fumbo linazuia kila hadithi mpya badala ya kuizaa.

Hapo wakusanyeni wote, Busia au Tororo, someni daftari kwa sauti, kisha mpige kura mara mbili: kwanza, je, tujibu? Pili, kama ndiyo, jibu lipi? Mtu mmoja akisema anaumia likifungwa, liacheni mwezi mwingine.

## Orodha ya kukagua kabla ya kikao

☐ Kila swali nililoandaa liko katika safu moja kati ya nne.
☐ Mafumbo wazi hayazidi matatu.
☐ Mambo matano ya hakika yako mbele yangu kwenye karatasi.
☐ Kila dhana ina wenyewe, nguvu yake na udhaifu wake.
☐ Leo fumbo litamgharimu mtu kitu kinachoonekana.
☐ Kuna swali moja litakalofungwa leo, na vidokezo vyake ni vitatu au zaidi.
☐ Nina jambo moja jipya la hakika kwa atakayesukuma kwa nguvu.
☐ Nimesoma daftari la nchi kuona meza ya ng'ambo imeongeza nini.
☐ Sijaingiza mchezoni jirani, ukoo, msiba wala mahali pa ibada pa kweli.

Anza na fumbo moja. Ketini wasimulizi wawili, jazeni mkataba, andikeni mambo matano ya hakika kwa kalamu isiyofutika, kisha chezeni vikao vitatu kabla ya kuongeza lolote. Mkilinda ya hakika, lisilojulikana litajilinda lenyewe, na nchi yenu itabaki na nafasi ya kila atakayekuja kuketi mezani baada yenu.